Kipara cha Dhahabu

Mzee aliiweka redio mezani kwangu, akaweka maikrofoni juu yake, akavuta stuli akakaa. Ilikuwa Agosti, msimu umekolea, magari ya watalii yanatoka Arusha alfajiri yakifuatana kama siafu, na dereva mwenye msimu hana muda wa kukalia stuli ya fundi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Mara ya kwanza ulinipa miezi mitatu. Mara ya pili wiki tatu. Safari hii umenipa siku nne."

Sikuwa na la kumjibu. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na ilisema jambo ambalo mimi fundi nilipaswa kulisikia kabla yake: kila nilipoitengeneza ile redio, nilikuwa naizidishia ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Redio inapokea vizuri. Anawasikia madereva wenzake wakipeana habari simba yuko wapi, gari gani limekwama, njia ipi imekatika. Lakini akibonyeza kitufe awajibu, sauti inatoka vipande vipande, au haitoki kabisa. Akiukunja waya wa maikrofoni upande, inakubali. Akiuachia, inakataa. Sisi mafundi tunasema inashika na kuachia, na maneno hayo yakishatamkwa, mkono wa fundi unakimbilia msasa wenyewe.

Ndivyo nilivyofanya mara zote tatu. Maikrofoni ya redio ile inachomekwa kwa plagi ya plastiki yenye pini nane, jamii moja na plagi ya kebo ya intaneti. Nilikata ukanda wa msasa laini, upana wa kijiti cha kiberiti, nikausugulia ndani ya soketi, pini moja baada ya nyingine, mpaka zikang'aa. Mara ya pili nikabana na plagi mpya kabisa, ya kwenye pakiti zinazouzwa kwa jumla mjini. Nikapitisha spiriti, nikapuliza, nikachomeka. Redio ikaongea. Nikapokea hela yangu kwa roho safi.

Siku hiyo ya nne sikugusa msasa. Nilichomeka maikrofoni, nikafunga mita ya kupima ukinzani, yaani jinsi umeme unavyozuiwa kupita, kwenye pini ya sauti, nikawa nagonga plagi taratibu kwa penseli. Namba ilikaa kwenye sifuri, ikaruka hadi ohmu thelathini na kitu, ikarudi sifuri, ikapotea. Nikaing'oa soketi nzima kutoka kwenye bodi. Chini yetu kuna kijana wa simu mwenye hadubini ya kukagulia bodi, nikashuka nayo kwake.

Pini za soketi ile ni nyaya nyembamba zilizopindwa zikawa kama springi, na kila moja ina njia yake ambapo plagi hupita ikiingia na kutoka. Pembeni mwa njia, mahali ambapo plagi haifiki, pini ilikuwa ya manjano, manjano ya dhahabu hasa. Ukisogea kuelekea katikati, manjano inakatika ghafla na kijivu kinaanza, kimejaa mikwaruzo iliyolala upande mmoja. Mikwaruzo ile niliijua, ni ya msasa wangu. Na katikati kabisa, pale penye mgandamizo, palikuwa na kidonda chekundu cha shaba, kimezungukwa na ungaunga mweusi kama masizi ya chungu.

Manjano, kijivu, nyekundu. Ni kama ukuta uliokwanguliwa rangi mpaka plasta, na plasta mpaka tofali, na aliyeshika kikwangulio ni mimi.

Nikamwita Mzee ashuke atazame. Alivua miwani, akainama kwenye hadubini kwa muda mrefu akiisogeza pini kwa ncha ya kibano kama nilivyomwonyesha.

"Hii imekuwa kipara," akasema. "Tairi likifika hapa, trafiki anakushusha."

Tangu siku ile sijapata neno zuri kuliko hilo, na ndilo ninalowafundishia vijana wangu.

Kuna imani imeenea sana, hata kwa mafundi, kwamba pini zinapakwa dhahabu kwa sababu dhahabu hupitisha umeme kuliko metali zote. Fedha inaizidi. Shaba nayo inaizidi. Ukinzani wa dhahabu ni mkubwa kuliko wa shaba kwa asilimia kama 45. Dhahabu inapakwa kwa sababu haishiki kutu. Shaba ikiachwa hewani inajifunika utando. Fedha inapigwa weusi na salfa. Bati linajivika oksidi mara tu linapoguswa na hewa. Dhahabu peke yake inabaki uso wazi, leo na mwakani, kwenye joto la Manyara na kwenye ukungu wa Ngorongoro.

Na uso wazi ndio hitaji kubwa la maikrofoni. Stata ya gari ikiwaka inavuta umeme mwingi kiasi kwamba utando mdogo wa kutu kwenye terminali unachomwa na kupita. Sauti ya mtu ni milivolti chache tu. Haina ubavu wa kutoboa hata utando usioonekana kwa macho. Ndiyo maana terminali za betri zinaweza kuwa na ukoga na gari likawaka, huku redio kwenye gari hilohilo imekuwa bubu kwa sababu ya doa dogo kuliko punje ya chumvi.

Sasa tazama dhahabu yenyewe ilivyo chache. Kwenye soketi iliyotengenezwa vizuri, unene wake ni kama robo tatu ya maikromita, na maikromita ni milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Unywele wa kichwani una maikromita kama 70. Maana yake ungehitaji kupanga tabaka tisini za dhahabu hiyo ndipo upate unene wa unywele mmoja. Soketi na plagi za bei ya chini zimeonjeshwa tu, hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya maikromita. Chini ya dhahabu kuna nikeli, hicho kijivu nilichokiona, yenye kazi mbili: kuizuia shaba isipenye na kupanda juu taratibu, na kuipa dhahabu sakafu ngumu ya kulalia. Halafu ndiyo shaba iliyochanganywa ikawa springi.

Punje za msasa namba 1000, ule tunaouita laini, zina upana wa maikromita kama 18. Kila punje ni zaidi ya mara ishirini ya unene wa dhahabu niliyodhani naisafisha. Sikuwa na haja ya kusugua mpaka kuchoka. Mpito wa kwanza ulitosha kufanya madhara. Mng'ao niliouona baada ya msasa ulikuwa wa nikeli mbichi, na ndiyo maana redio iliongea: nikeli ikiwa imekwanguliwa sasa hivi inapitisha vizuri. Miezi mitatu baadaye ikawa imejivika oksidi. Nikarudi na msasa, nikafika kwenye shaba. Wiki tatu. Nikarudi mara ya tatu. Siku nne. Shaba iliachwa uchi, na barabara ikamaliza kazi.

Lakini nisijibebeshe lawama zote, kwa sababu kabla ya mimi kuna msuguano wa kawaida, na huu unastahili maelezo yake.

Kwa macho, pini na plagi zimelaliana bapa kwa bapa. Ragnar Holm, Mswidi aliyefanya utafiti wake Siemens mjini Berlin, ndiye aliyeweka wazi kwamba hazigusani hivyo. Zinagusana kwenye vincha vichache, kama mafenesi mawili yaliyobanwa pamoja, na umeme wote unalazimika kujipenyeza kwenye vincha hivyo. Sasa, kwa metali nyingine vincha hivyo vina utando wa oksidi unaovitenganisha. Dhahabu haina. Kincha cha dhahabu kikibanwa juu ya kincha cha dhahabu, vinaungana, bila moto na bila risasi ya kuchomelea, kana kwamba vimelehemiwa. Ukichomoa plagi unavirarua. Na mara nyingi mraruko haupiti pale vilipoungana. Kipande cha upande mmoja kinaondoka na upande wa pili. Usafi uleule uliotufanya tuichague dhahabu ndio unaoifanya inate. Mimi jambo hili lilinikaa kichwani wiki nzima.

Mtu aliyelichunguza kwa subira kuliko wote ni Mmarekani Morton Antler wa maabara za Bell, walikokuwa na sababu ya kujali kwa kuwa mitandao ya simu ilikuwa na viunganishi visivyohesabika. Aliona kwamba dhahabu laini ikiteleza juu ya dhahabu, vile vipande vinavyohama vinakusanyika mbele ya pini vikawa nundu. Nundu inagandamizwa, inakomaa, inakuwa ngumu kuliko dhahabu iliyoizaa, kisha inaanza kulima. Yeye aliifananisha na omo ya meli. Kwa huku kwetu nadhani plau la Karatu linaeleweka zaidi: linapita, linafungua mfereji, na udongo unapanda juu ya jembe.

Dawa yake sonara yeyote wa mjini anaijua, ila yeye anaitumia kwa pete. Dhahabu tupu ni laini mno kuvaliwa, kwa hiyo anaichanganya. Watengenezaji wa viunganishi nao wanaongeza kobalti au nikeli kidogo sana, chini ya nusu ya asilimia, na ugumu unapanda zaidi ya mara mbili. Mwaka 1953 Mwingereza Archard aliandika kanuni inayotumika mpaka leo, kwamba kinacholika kinaongezeka kwa mgandamizo na kwa umbali wa kuteleza, na kinapungua kwa ugumu. Ukiielewa hiyo, unaelewa kwa nini fundi asikaze pini kwa kuipinda juu ili "ibane vizuri". Nimeona wengi wakifanya hivyo. Umeongeza mgandamizo, umeongeza kulika, umeilima dhahabu kwa mikono yako.

Wala msuguano si adui tu. Pini zimeundwa kwa makusudi ziteleze kidogo plagi inapoingia, ili zijifute vumbi na mafuta ya vidole. Plagi isiyosugua kabisa haisafishiki. Kwa hiyo kila kuchomeka ni kusafisha, na kila kuchomeka ni kula.

Nikamuuliza Mzee maikrofoni huwa anaichomoa mara ngapi.

"Kila jioni. Niliwahi kuibiwa moja kwenye maegesho, sikurudia kosa. Jioni natoa, asubuhi narudisha."

Viunganishi vya aina ile, vile vya kawaida, vinapimwa kwa kuchomekwa na kuchomolewa mara 750. Gari la Mzee linapumzika masika, lakini tuseme halipumziki: mara moja kwa siku, siku 750 ni miaka miwili na siku ishirini. Redio ilikuwa na miaka mitano. Nilipomfanyia hesabu hiyo alicheka kidogo, akasema, "Chovya chovya yamaliza buyu la asali." Ndiyo hiyo, mzee wangu. Tangu hapo nimeanza kuhesabu vitu ambavyo zamani sikuvihesabu. Tundu la USB pana, lile la kwenye kompyuta, kiwango chake ni mara 1,500. Dogo la simu, na hili jipya linaloingia pande zote mbili, ni mara 10,000. Soketi ya RAM, ile kadi ya kumbukumbu ya kompyuta, mara nyingi ni 25 tu, kwa sababu aliyeitengeneza hakutegemea uifungue kila kompyuta inapogoma.

Na ile poda nyeusi? Hiyo ni ya barabara.

Lami inaishia lango la Lodoare. Kuanzia hapo, kupanda ukingo wa Ngorongoro na kushuka kuelekea Naabi, lango la Serengeti, ni rafu rodi iliyojikunja mgongo kama bati la nyumba. Ukiwa ndani ya gari unahisi meno yanagongana. Ndani ya soketi, pini na plagi zinacheza maikromita kadhaa kwenda, kadhaa kurudi, mara nyingi kila sekunde, kwa masaa. Kucheza huko ni kudogo kiasi kwamba hakufuti kitu. Chembe zinazomeguka haziendi popote, zinabaki palepale zikisagwa. Kama ni dhahabu bado, hazina neno, dhahabu iliyosagwa ni dhahabu. Lakini ikishalika ukafika kwenye nikeli na shaba, kila chembe mpya inashika oksidi papo hapo, inasagwa, nyingine inazaliwa. Unajaza kinu unga usiopitisha umeme. Ongeza baridi ya alfajiri pale ukingoni, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, halafu joto la mchana uwandani: plastiki na metali zinatanuka kwa viwango tofauti, na pini zinateleza tena hata gari likiwa limezimwa. Ongeza vumbi la majivu ya volkano lenye magadi, linalopenda unyevu.

Soketi nyingi ndani ya magari hazina dhahabu kabisa, zina bati, na kuna sababu ya pesa. Mpaka mwaka 1971 bei rasmi ya wakia ya dhahabu ilifungwa kwenye dola 35. Januari 1980 ilipita dola 800. Watengenezaji duniani kote wakaanza kubana: dhahabu nyembamba zaidi, au sehemu ile tu inayogusana, au bati. Bati linaweza kufanya kazi nzuri kama limebanwa kwa nguvu na halichezi. Likicheza, linatoa unga uleule mweusi. Na kamwe usiipe pini ya dhahabu plagi ya bati ukidhani umebana matumizi. Bati linahamia juu ya dhahabu, linashika oksidi huko, na umepoteza faida ya zote mbili.

Hapa lazima niseme habari ya raba, kwa sababu inaniuma. Kompyuta ikikataa kuwaka, kijana anachomoa RAM, anachukua raba ya mwanafunzi, anasugua meno ya dhahabu mpaka yameremete, anarudisha, inawaka. Mteja anafurahi. Mara nyingi kilichotibu si raba, ni kule kuchomoa na kuchomeka kulikofuta pini. Raba nyingi, hasa zile ngumu za kufutia wino, zimechanganywa na unga wa kukwangua. Hiyo ndiyo kazi yake kwenye karatasi. Kwenye dhahabu isiyofika hata maikromita moja, ni msasa wenye rangi nzuri. Chomoa, futa kwa kitambaa kisicho na nyuzi chenye spiriti safi ya maabara, acha ikauke, rudisha. Ikigoma, chomoa na uchomeke tena mara moja. Raba iache shuleni.

Wapo pia wanaokuja kuniulizia bodi chakavu ili wakatoe dhahabu. Nawaelewa, tuko nchi ya Geita na watu wamezoea kusikia dhahabu. Lakini nimepiga hesabu: sentimita moja ya mraba ya upako mzuri ina miligramu kama moja na nusu. Kwa ajili ya hiyo mtu anachemsha asidi uani, mahali watoto wanapocheza. Siwapi.

Redio ya Mzee niliitengeneza upya kwa siku mbili. Nilichomea soketi mpya yenye upako wa unene unaoeleweka, niliyoagiza Dar kwa sababu hapa sikuipata. Plagi nikabana ya daraja lilelile. Kabla ya kufunga nilipaka kilainishi cha viunganishi, tone lililofutwa likabaki kivuli tu, kwa sababu utando mwembamba wa mafuta yanayofaa unazuia vile vincha visinate na unapunguza kulika sana. Si mafuta ya mgando, kama nilivyoona watu wakipaka. Kwenye vumbi letu mafuta ya mgando yanageuka tope la mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko dhahabu mara nyingi. Halafu nikaufunga waya wa maikrofoni kwenye mwili wa redio kwa kibano, ili mtikisiko uishie kwenye waya usifike kwenye pini.

La mwisho ndilo ninalojivunia. Nilitengeneza kebo fupi, urefu wa kiganja, soketi upande mmoja na plagi upande mwingine. Plagi yake inaingia kwenye redio na haitoki tena. Mzee anachomoa maikrofoni kwenye ule mwisho mwingine. Kitakacholika ni kipande cha shilingi elfu chache, na kikishakuwa kipara tunakitupa na kuweka kingine, soketi ya redio ikiwa bado bikira.

"Kwa hiyo hiki ndicho tairi," akasema.

"Hicho ndicho tairi, mzee."

Alirudi Machi, mvua za masika zimeshaanza na gari lake liko juu ya mawe kwa matengenezo. Hakuleta redio. Alileta kebo fupi peke yake, imefungwa kwenye karatasi, na daftari lake la safari. Ukurasa wa mwisho alikuwa amechora vijiti vitano vitano, kimoja kwa kila jioni aliyochomoa. Tulivihesabu pamoja: 131.

Tukashuka kwa kijana wa hadubini. Katikati ya kila pini palikuwa na njia iliyosuguliwa, imelainika na kung'aa kuliko pembeni, kama kinjia cha miguu kwenye majani. Nikaifuata kutoka mwanzo hadi mwisho nikitafuta kijivu. Ilikuwa ya manjano yote. Mzee akainama akatazama naye, akachukua kebo yake, akaikunja ndani ya karatasi na kuitia mfuko wa shati.